Biashara ya mtandaoni ya nyumbani inaliwa na nyumba yenyewe

Mi kazi yangu ni hesabu. Natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Dar, na siku hizi wengi wao hawana duka kabisa, wanauza mashuka, mapazia, vyombo, nguo za watoto wakiwa sebuleni kwao, mzigo unatoka Kariakoo, picha zinapanda Instagram na status ya WhatsApp, boda anakuja kuchukua, maisha yanaenda. Wakinifuata swali huwa lilelile, nifanyeje nipate wateja wengi, na jibu langu huwa linawaudhi kidogo maana nawaambia nionyeshe kwanza hela ya wateja wa mwezi uliopita iko wapi.

Haipo. Na haijaibiwa na mtu, ukiifatilia unakuta imenunua gesi, imelipa luku ya umeme, imeenda kwenye mchango wa harusi ya binamu, imemalizia ada, imenunua dawa ya mtoto usiku, vitu vya maana vyote hakuna hata kimoja cha kumlaumu mtu, ila mwisho wa siku mtaji wa milioni umebaki laki nne na mwenye biashara anaamini tatizo ni algorithimu, eti Instagram haionyeshi posti zake kwa watu. Mwenye duka Kariakoo akifunga shata jioni ameiacha biashara kule, wewe yako inalala na wewe chumba kimoja na kila mwenye shida ndani ya hio nyumba anajua simu ina hela. Kwa hiyo ukiniuliza biashara ya namna hii inadumu vipi, mi naanzia hapo kabla ya mambo ya kuposti mara ngapi kwa siku.

Kitu cha kwanza ni laini ya pili. Namaanisha laini tofauti kabisa kwa ajili ya biashara, na ukiweza chukua Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, kila mteja alipe huko na kila mzigo ununuliwe kutoka huko. Usiniambie nitakumbuka kichwani, hakuna anayekumbuka. Faida yake siyo usafi wa hesabu tu, ni kwamba unapata mdomo wa kusema "hela iliyopo ni ya mzigo" na ukawa husemi uongo. Alafu jilipe mshahara. Chagua siku, labda Jumamosi, toa kiasi kilekile kila wiki hata kama ni elfu thelathini, hicho ndo chako, fanya unavyotaka, changia harusi, suka nywele. Wiki ukiuza sana usijiongeze, wiki ikiwa mbaya usijipunguze, labda mambo yawe yameharibika kweli. Wengi hapa ndo wanakwama maana wanaona aibu kujilipa elfu thelathini wakati huohuo wanachota laki bila kujijua.

Na mzigo nao ni hela jamani. Shangazi kaja kutembea kaona shuka zuri, kasema mwanangu hili nimelipenda, utafanyaje? Utampa, si ndo malezi yetu. Sawa mpe, ila lile shuka linunue wewe kutoka kwenye biashara yako kwa bei ya jumla, hela itoke kwenye mshahara wako iingie laini ya biashara, uandike. Ndugu wa kununua nao wape bei ya jumla ukitaka, ila wakope wachache, na mkopo wa ndugu usioandikwa hesabu kwamba umeshakuwa zawadi.

Sasa twende kwenye namba zenyewe, maana hapa ndo naona watu wazima wakinyamaza. Chukulia shuka seti moja umelinunua Kariakoo 25,000 unaliuza 38,000. Kila mtu atakwambia faida 13,000. Haya toa. Nauli na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kuleta mzigo ukigawa kwa kila seti tuseme 700. Mfuko mzuri na kikadi cha asante 500. Bando 800. Makato ya miamala 600. Tangazo la kulipia, ukigawa hela ya tangazo kwa oda zilizokuja kweli na sio kwa laiki, 2,000. Mashuka yanayorudi, yenye doa, yaliyokosewa saizi, tenga 1,000 kwa kila seti. Na kwa sababu umeandika "delivari bure Dar nzima" kama wenzako, boda 4,000. Jumla ni 9,600, umebaki na 3,400. Ukiuza seti 50 kwa mwezi ni 170,000 na hapo umeshinda na simu mkononi kutoka alfajiri mpaka saa tano usiku.

Wengi wakiona hivo wanataka kupandisha bei. Usikimbilie huko, ushindani wa mashuka Dar unaujua mwenyewe. Angalia vizuri vitu viwili vilivyokula zaidi, boda na tangazo. Boda mwachie mteja alipe, atalalamika kidogo ila mteja wa mashuka hakimbii kwa sababu ya elfu nne kama anakuamini, anayekimbia ni yule ambaye hajakuamini bado. Na tangazo hulilipii kwa mtu aliyeshanunua kwako. Fanya hesabu upya kwa mteja wa zamani anayejilipia usafiri, 3,400 inakuwa 9,400 kwa shuka lilelile, seti 50 ni 470,000. Yaani karibu mara tatu na hujaongeza hata mteja mmoja mpya. Ndo maana mtu akinionyesha mafolowa elfu ishirini mi namuuliza wangapi wamenunua mara ya pili, na kama hajui basi hana biashara bado, ana pilika.

Kwahiyo wale walionunua lazima uwe nao mkononi. Namba zao, jina, alinunua nini, saizi ya kitanda, rangi, tarehe. Daftari la mia tano linatosha kabisa, ukiweza Exceli sawa. Page ya Instagram siyo mali yako, ikifungiwa kwa malalamiko ya mtu mmoja au ikidukuliwa unaanza upya, na wapo wengi tu walioanza upya. Na usifikiri WhatsApp ndo kimbilio, tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote kwa pamoja kwa muda wa karibu masaa sita dunia nzima kwa sababu mwenye nazo ni mmoja. Mei 2024 ikawa nyaya za baharini, zikakatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mwenye namba anatuma meseji za kawaida na anauza, mwingine anarefreshi tu.

Halafu kuna jambo dogo la broadikasti ya WhatsApp ambalo watu hawalijui, mpokeaji asipokuwa ameseivu namba yako ujumbe haumfikii. Unatuma kwa watu 200 wanapata 40 alafu unasema watu hawana hela. Kwahiyo ukimaliza kumuuzia mtu mwombe aseivu namba pale pale akiwa na furaha ya shuka jipya, mpe na sababu, mwambie mzigo mpya ukiingia utaona kabla sijauweka page. Na utekeleze kweli, waonyeshe wao kwanza.

Ila hizo namba ni za watu, ziheshimu. Kuna huu mtindo wa kuposti skrinshoti za wateja kama ushahidi, jina na namba vyote vinaonekana, na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Ficha namba, ficha jina, muombe ruhusa. Na hii inaniunganisha na mikopo ya kwenye simu, ile tunayoita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Riba ni mbaya ndio, ila kwako wewe muuzaji ubaya mkubwa ni kwamba zile programu huwa zinaomba kuingia kwenye orodha ya namba za simu yako, na ukichelewa kulipa wanawatumia meseji za kukudhalilisha watu walioko humo. Walioko humo ni akina nani? Wateja. Umekopa laki na nusu ya kuongezea mzigo, umeweka rehani jina ulilojenga miaka. Bora kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, bora usubiri mzigo uzunguke.

Mambo ya mzigo ndani ya nyumba sitakaa sana. Usiweke mashuka chumba kinachopakana na jiko, yananusa samaki na mteja hatakwambia, atanyamaza tu asirudi. Masika, Machi mpaka Mei, weka juu ya mbao yasiguse sakafu, Dar ina unyevu na ukungu ukishaingia kwenye pamba nyeupe basi. Boksi kwa boksi andika idadi nje. Mwisho wa mwezi hesabu kilichopo ulinganishe na daftari, tofauti ikiwepo usitafute mwizi mbali.

Kuhusu mikoani, ambako ndo kuna wateja wazuri kuliko watu wanavyodhani: anayekulipa kabla ya mzigo kupanda basi amekupa imani kubwa sana, usiichezee. Piga picha kifurushi, piga picha risiti ya basi, mtumie namba ya gari na ya ofisi ya kule anakopokelea, mpigie kesho yake. Na tafadhali andika bei kwenye posti. "Bei njoo DM" inakuletea meseji mia za watu wasionunua na inamfukuza mtu wa Mbeya aliyekuwa tayari kulipa saa hiohio.

TRA, yaani mamlaka ya mapato, watu wanaikimbia mpaka inachekesha. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, unaombea mtandaoni ukiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye kampuni, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kodi yake ya mapato ni sifuri, na kutoka hapo mpaka milioni 100 unakadiriwa kwa mauzo. Rudia tena, mauzo, wala hawaangalii faida. Ndo maana ile shuka ya kubaki na 3,400 ni hatari, unajaza mauzo makubwa yasiyobakiza kitu na kodi inapigwa kwenye yale makubwa. Wa mauzo ya chini anayetunza kumbukumbu anaweza kulipa pungufu kuliko asiyetunza, daftari lilelile la mia tano linakulipa tena. Kama unauza chakula cha kusindika, achari, unga wa lishe, viungo, hapo kuna TBS pia, shirika la viwango, chakula na vipodozi vilihamia kwao kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze vizuri kabla hujachapisha lebo elfu moja.

Swali la mwisho ambalo naulizwa na waliofanikiwa kidogo: sasa nikachukue fremu, yaani nipange chumba cha duka? Mi huwa nasita. Mwenye fremu anataka kodi ya pango ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na hio hela kwa muuzaji wa nyumbani ndo mtaji wenyewe, ukishaitoa unafungua fremu nzuri yenye rafu tupu. Kwahiyo tufanye hivi, kabla hujasaini chochote anza kulipa kodi hewa. Kila mwezi toa kiasi cha kodi ya hio fremu kwenye laini ya biashara weka kwenye akaunti usiyoigusa, endelea kujilipa mshahara wako uleule, endelea kununua mzigo uleule. Ukifika mwezi wa sita na mzigo haujapungua, una hela ya fremu mkononi na wala hujagusa mtaji. Ukishindwa mwezi wa pili, fremu ingekushinda mwezi wa pili, tofauti ni kwamba sasa hivi hela bado unayo, kanunulie mashuka ya sita kwa sita, hayo ndo yanatoka sana.