Manjano iliyosahaulika: tunavyochunguza kama picha ya kale ni ya kweli

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuchunguza picha za kale za rangi ya mafuta, wengi huniuliza: mashine yenu inasemaje, ni halisi au ni bandia? Hakuna mashine inayosema "halisi". Mashine hutuonyesha kilichomo ndani ya rangi, na mara nyingine hicho peke yake kinatosha kuiangusha picha. Nikikuta nyeupe ya titani kwenye matabaka ya chini ya picha inayodaiwa kuchorwa mwaka 1660, kesi imekwisha, maana rangi hiyo ni ya karne ya 20. Buluu ya Prussia haikuwapo kabla ya miaka ya mwanzo ya 1700. Buluu ya kobalti ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kosa moja la namna hii linatosha, mradi nimejiridhisha kwamba halikutokana na kiraka cha fundi aliyeikarabati picha miaka mingi baadaye.

Ugumu uko upande wa pili. Picha isiyo na kosa hata moja bado inaweza kuwa ya mwanafunzi wa mchoraji, ya mtu aliyemuiga enzi zake, au ya mghushi aliyejua kazi yake. Kwa hiyo nikitaka kuikubali picha, sitafuti tu yale inayofanana nayo. Natafuta jambo ambalo mghushi asingeweza kulijua.

Nitaeleza kwa picha moja ndogo ninayoipenda sana: msichana aliyeketi kwenye kinanda, amejifunga shali ya manjano, uso ametugeukia. Haizidi sana sentimita 25 kwa 20. Leo inakubalika kwa wengi kuwa ya Johannes Vermeer wa Delft, Uholanzi, aliyezaliwa 1632 na kufariki 1675, mchoraji ambaye picha zake zilizobaki hazifiki 40. Lakini kwa miongo kadhaa picha hii ilitengwa. Wataalamu wengi hawakutaka hata kuiweka kwenye orodha zao, na hofu yao ilikuwa na sababu. Sababu hiyo inaitwa Han van Meegeren.

Mwaka 1937, Abraham Bredius, mjuzi aliyeheshimika kuliko karibu wote katika sanaa ya Uholanzi, alitangaza kwamba imepatikana kazi kubwa ya Vermeer: Kristo akimega mkate pale Emau. Jumba la makumbusho la Boijmans la Rotterdam likaipata kwa zaidi ya gulden nusu milioni, fedha ya Uholanzi ya wakati huo. Kumbe Van Meegeren ndiye aliyeichora. Alichukua turubai ya kweli ya karne ya 17 akaikwangua picha ya zamani. Alitumia nyeupe ya risasi (ile metali nzito) na buluu halisi ya jiwe la lazuli, kama Vermeer. Tatizo lake lilikuwa mafuta. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku chache lakini huchukua miongo kuwa ngumu kabisa, na wakati huo kipimo cha kawaida kilikuwa kupitisha pamba yenye spiriti: rangi changa inatoka, rangi kongwe inabaki. Kwa hiyo alichanganya rangi zake na resini ya fenoli na formaldehaidi, jamii ya plastiki ngumu iitwayo bakelaiti, kisha akaioka picha kwenye tanuri hadi ikawa ngumu kama jiwe. Aliikunja ili nyufa zijitokeze, na ndani ya nyufa akapaka wino ufanane na uchafu wa karne.

Ufundi huo wote usingetosha. Bredius na wenzake walikuwa wakiamini kwamba Vermeer alipitia kipindi cha picha za dini chenye mkono wa Kiitalia, na walikuwa wakingojea ushahidi. Van Meegeren aliwapa walichokuwa wakikingoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana hadi leo picha inayolingana mno na matumaini yangu huwa naitilia shaka zaidi.

Siri ilifichuka 1945, Van Meegeren alipokamatwa kwa kumuuzia Hermann Göring, kiongozi wa juu wa Ujerumani ya Nazi, picha ya "Vermeer", hazina ya taifa. Ili kujinasua akakiri kwamba ni yeye aliyeichora, na chini ya ulinzi akachora nyingine. Tume iliyoongozwa na Paul Coremans wa Ubelgiji ilikuta resini ile, na kwenye picha ya Göring ikakuta buluu ya kobalti. Novemba 1947 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na kabla mwaka haujaisha akafariki.

Bado walikuwapo waliosisitiza kwamba picha ya Emau ni ya kweli. Jibu lililowanyamazisha lilikuja 1968, kutoka kwa Bernard Keisch nchini Marekani, na nadhani ni mojawapo ya vipimo vizuri kuliko vyote vilivyowahi kufanyiwa picha. Madini ya risasi huwa na radiamu, na radiamu huzalisha risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi. Madini yakiyeyushwa, radiamu karibu yote huondoka na taka, ila risasi-210 hubaki ndani ya risasi. Ikikosa wa kuizalisha, hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Baada ya karne tatu hubaki ile kidogo tu inayoletwa na mabaki ya radiamu, na kipimo cha risasi-210 na cha radiamu vinakaribia kulingana. Kwenye nyeupe ya picha ya mshona lesi, kazi ya Vermeer isiyobishaniwa iliyoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, vipimo hivyo viwili vilikuwa 1.5 na 1.4. Kwenye picha ya Emau vilikuwa 8.5 na 0.8. Risasi ile ilikuwa ya karne ya 20. Kipimo hiki kina mpaka wake: hakiwezi kutenganisha picha ya 1670 na ya 1700, kwa sababu zote mbili zimeshapoa.

Sasa rudi kwa msichana wetu wa kinanda. Baada ya aibu ile, nani angethubutu kumtetea? Mwaka 1993 uchunguzi mpya ulianza, ukachukua takriban miaka kumi, ukihusisha wataalamu kama Libby Sheldon wa University College London. Walichokipata ni hoja kadhaa zisizotegemeana, na zote zilielekea upande mmoja.

Ya kwanza ni turubai. Ukiipiga picha eksirei, nyeupe ya risasi iliyojaa kwenye mashimo ya kitambaa huonyesha kila uzi, nawe unaweza kuhesabu mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kwa kila sentimita. Turubai yake inalingana na ile ya mshona lesi wa Louvre, na hesabu za kompyuta zilizofanyika baadaye zimeonyesha kuwa vitambaa hivyo viwili vilikatwa kwenye jora moja. Ya pili ni ukuta wa nyuma. Kwa macho ni ukuta wa kijivu tu. Kwenye hadubini una chembe za buluu ya lazuli, jiwe lililotoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, rangi ya bei kubwa mno ambayo wachoraji wengi waliibania kwa ajili ya mavazi. Kuichanganya kwenye ukuta mtupu ilikuwa tabia ya Vermeer. Ya tatu ni kijani cha udongo kwenye vivuli vya ngozi, desturi isiyo ya kawaida Uholanzi lakini inayoonekana kwenye kazi zake za mwishoni.

Hapo mbishi atasema: mghushi mjanja angeyajua hayo. Ndipo inapoingia ya nne. Shali na rangi nyingine zina manjano ya risasi na bati. Wachoraji wa Ulaya waliitumia rangi hii kwa karne kadhaa, kisha karibu na 1750 ikaachwa na kusahaulika kabisa, hata jina lake likapotea. Iligunduliwa upya 1941 na Richard Jakobi, mjini München. Kabla ya hapo hakuna mghushi wa zama zetu ambaye angeweza kuiweka kwenye picha, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba iliwahi kuwapo. Na picha hii ilikuwa tayari kwenye mkusanyiko wa Alfred Beit kufikia 1904. (Ni Beit yule yule aliyetajirika kwa almasi za Kimberley, ambaye jina lake madereva wa malori yaendayo kusini wanalijua kutoka Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini.) Karatasi moja ya umiliki na chembe moja ya manjano, vikiwekwa pamoja, vinamfungia mlango Van Meegeren na wenzake wote. Ndiyo maana nikiletewa picha huomba nyaraka na upande wa nyuma, wenye lebo, mihuri na misumari, kabla sijatazama uso wake.

Julai 2004 picha hiyo iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 16.2. Ubishi haukwisha wote: shali ni nzito, mikunjo yake haina wepesi wa Vermeer, na wapo wanaoamini kwamba ilipakwa au kumaliziwa na mkono mwingine. Mimi pia naona hivyo. Kukubali picha si lazima kukubali kila sentimita yake.

Na umri wa kweli haukupi jina la mchoraji. Mwaka 2022, National Gallery of Art ya Washington ilitangaza kwamba picha yake ya msichana mwenye filimbi si ya Vermeer bali ya mtu wa karibu naye aliyejua mbinu zake, hata kijani kile cha vivuli. Vermeer alisaga rangi ya matabaka ya chini ikabaki na chembe kubwa, na ya tabaka la juu ikawa laini; hapa mpangilio umegeuka. Miezi michache baadaye, Rijksmuseum ya Amsterdam ikaionyesha picha hiyo hiyo ikiwa na jina la Vermeer, huku ikijua matokeo yote. Mimi niko upande wa Washington. Namna ya kusaga rangi ni mazoea ya mkono wa kila siku, na mtu haamki asubuhi moja akayapindua kwa picha moja kisha akayarudia. Kitakachonibadilisha ni picha nyingine ya Vermeer isiyobishaniwa kukutwa na mpangilio huo wa chembe, na bado zipo picha zake ambazo hazijachunguzwa kwa kina hicho.