Minyoo Gani? Dhana za Pumu Nilizochoka Kuzisikia

"Daktari, mtoto sijampa dawa ya minyoo. Nilisoma kwamba minyoo inakinga pumu." Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na siku hizi huwa najibu kwa swali moja: minyoo gani? Hapo hufuata kimya.

Dhana hii haikuzuka hivihivi. Mwaka 1989 David Strachan wa Uingereza aligundua kwamba mafua ya mzio hayawapati sana watoto waliokua na ndugu wengi, akadokeza kuwa huenda maambukizi ya utotoni yanawakinga. Baadaye wengine wakaigeukia minyoo, na hoja yao ina mashiko. Mnyoo hukaa mwilini miaka, na hawezi kukaa bila kuituliza kinga ya mwenyeji wake. Huchochea seli zinazotoa interlukini 10, kemikali ya mwili inayotuliza kinga. Kinga iliyotulizwa hivyo huenda ikavumilia pia vumbi na chavua.

Mwaka 2006 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi ukaonyesha kwamba kwa wenye safura, minyoo midogo inayonyonya damu utumboni, uwezekano wa pumu ulikuwa kama nusu ya ule wa wasio nayo. Habari ikasambaa. Kilichoachwa njiani ni kwamba katika uchambuzi uleule, kwa wenye askarisi, ile minyoo mikubwa ya mviringo, uwezekano huo ulipanda kwa karibu theluthi! Mzazi anayeificha dawa kabatini hajui mwanawe amebeba yupi kati ya hao, na mara nyingi huwa wamo wote wawili. Tena nyingi ya tafiti hizo zilipima minyoo na pumu kwa wakati mmoja, kwa hiyo haziwezi kusema kipi kilitangulia.

Basi watafiti wakajaribu. Huko Nottingham, Uingereza, wagonjwa 32 wa pumu waligawanywa: wengine wakawekewa lava (minyoo wachanga) 10 za safura kwenye ngozi, wengine dawa bandia. Baada ya wiki 16 hakukuwa na tofauti ya kutegemewa. Matokeo hayo yalichapishwa 2010. Nchini Ecuador wanafunzi walipewa albendazoli, dawa ya minyoo, kila miezi miwili kwa mwaka mzima, na dalili za mzio hazikuongezeka. Wapo watakaonitajia Gabon, ambako watoto waliotibiwa minyoo mara kwa mara ngozi zao zilianza kuitikia zaidi kipimo cha utitiri wa vumbi. Ni kweli. Lakini ngozi kuvimba kwenye kipimo si kubanwa kifua usiku wa manane. Safura, kwa upande wake, hunyonya damu kila siku, na mtoto wa pumu aliyepungukiwa damu huhema kwa sababu mbili. Mpe dawa.

Kuna na kinyume chake: "Anywe dawa ya minyoo, pumu itapona." Haiponi. Lava za askarisi hupita mapafuni kabla ya kurudi tumboni, na wakati huo mtu anaweza kukohoa na kifua kikapiga miluzi. Daktari Löffler aliieleza hali hiyo tangu 1932. Kwa kawaida huisha yenyewe baada ya siku au wiki chache, na sifa huenda kwa kidonge.

Eosinofili, aina ya seli nyeupe, zikiwa nyingi kwenye damu si cheti cha pumu. Zinaweza kuwa za minyoo, za mzio, au vyote viwili. Pumu hupimwa kwa kupuliza mashine.

Pampu nayo haimfanyi mtu kuwa mraibu. Pampu yenye steroidi ndiyo inayotuliza uvimbe. Ile ya kufungua kifua pekee haitoshi, na mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kuipendekeza peke yake kwa watu wazima na vijana tangu 2019. Njoo nayo kliniki unionyeshe unavyoivuta. Nusu ya "dawa imegoma" huishia hapo.

Linaloniogopesha hasa ni jambo ambalo wagonjwa hawaniulizi kabisa. Strongiloidi, mnyoo mwingine, huzaliana ndani ya mwili na kukaa humo miongo, kimya, na kipimo cha kawaida cha choo humkosa mara nyingi. Mgonjwa huyo akidhaniwa ana pumu tu na kupewa vidonge vya steroidi, lava zinaweza kusambaa mwili mzima na kumuua. Kwa hiyo, kama umewahi kuishi penye minyoo hiyo, sema kabla ya kuandikiwa vidonge. Dawa yake ni ivermektini. Ile albendazoli ya dozi moja haitoshi.