Maana ya bimu iliyopinda kwenye programu za kusanifu majengo

Mtu anayejenga ghorofa Kigoma, kwenye mwinuko unaoangalia Ziwa Tanganyika, akitaka aone maji pande zote atakuomba balkoni ya nusu duara. Ukingo wa balkoni hiyo hubebwa na bimu iliyopinda, yaani bimu ambayo mstari wake wa katikati unafuata duara badala ya kwenda moja kwa moja kutoka nguzo hadi nguzo. Ipo pia ile inayopinda kwa kusimama, kama tao la juu ya lango. Hiyo kazi yake kubwa ni kusukuma miguu yake nje, na hapa tunaiacha. Inayoleta matatizo kwenye kompyuta ni iliyopinda kwa kulala.

Kuichora ni kazi ndogo sana. Kwenye Revit, mojawapo ya programu za kusanifu majengo, unachukua bimu, unachagua tao, unabofya mwanzo, mwisho na nukta moja katikati, na bimu imekaa. Wengi huishia hapo wakiamini kazi imekwisha. Kumbe programu inabeba vitu viwili: umbo unaloliona, lenye upana na kina, na mstari mwembamba unaoliwakilisha, ambao ndio unaoingia kwenye hesabu. Mstari huo kwa kawaida haubaki duara. Programu nyingi za uchambuzi huukata kuwa vipande vilivyonyooka vinavyoungana kwenye nukta, na idadi ya vipande huamuliwa na wewe, au na programu yenyewe usipoigusa.

Idadi hiyo ina uzito gani? Chukua nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 2. Ukiikata vipande 4, katikati ya kila kipande mstari wa hesabu umeingia ndani ya duara la kweli kwa milimita 152. Kwa vipande 12 tofauti hiyo ni milimita 17, na kwa vipande 36 ni kama milimita 2. Sasa weka mzigo wa tani 1 kwa kila mita ya bimu. Kwa duara la kweli, kila mwisho wa bimu unapata momenti ya kukunja, yaani uzito mara umbali wake, ya tani-mita 4. Kwa vipande 4 hesabu inakupa karibu 3.7, pungufu ya kama asilimia 8, na upungufu huo uko upande wa hatari. Kwa vipande 12 kosa linashuka chini ya asilimia 1. Kwa balkoni za ukubwa huu mimi sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya kipande kimoja kwa kila nyuzi 10.

Hata hivyo, vipande si kiini cha jambo. Kiini ni msokoto, yaani bimu kusokotwa kama nguo inayokamuliwa. Bimu iliyonyooka inaweza kulazwa juu ya nguzo mbili bila kufungwa kwa nguvu na ikakaa. Iliyopinda haiwezi, kwa sababu uzito wake wote uko mbele ya mstari unaounganisha nguzo hizo. Tazama mkono wa ndoo: umeshikwa pande mbili kwa matundu yanayouruhusu kuzunguka, na ukiuachia unalala. Katika mfano wetu bimu ina urefu wa mita 6.28, mzigo wote ni tani 6.28, na kitovu chake kiko mita 1.27 mbele ya nguzo. Zidisha, unapata karibu tani-mita 8 zinazotaka kuiangusha balkoni mbele. Miisho miwili inagawana, 4 kila mmoja. Juu ya hiyo, miisho ikiwa imefungwa imara, kila mmoja unapata msokoto wa karibu tani-mita 1.2.

Kwa hiyo kuna mazoea mawili, mazuri kwa bimu za kawaida, ambayo hapa ni sumu. La kwanza ni kuachia miisho ya bimu izunguke, mtindo uliozoeleka kwenye bimu za chuma. Ukifanya hivyo programu italalamika kwamba jengo halijatulia, au itaonyesha bimu ikishuka kwa kiasi kikubwa kisicho na maana. La pili ni lile la wasanifu wa zege kupunguza ugumu wa msokoto wa bimu zote karibu na sifuri, kwa kuwa zege likipasuka msokoto hupungua na mzigo hutafuta njia nyingine. Hilo ni sahihi pale ambapo njia nyingine ipo. Kwenye bimu iliyopinda msokoto ni sehemu ya kinachoifanya isimame, kwa hiyo iondoe bimu hiyo kwenye kundi kabla ya kupunguza.

Angalia pia nukta za mwisho. Mara nyingi tao huonekana limegusa nguzo huku mstari wa hesabu ukiishia sentimita chache pembeni. Na zile tani-mita 4 lazima zipate pa kwenda: kwenye nusu duara, mwisho wa bimu unaelekea ndani ya nyumba, basi iendeleze kama bimu ya nyuma hadi nguzo inayofuata, zikutane kwenye nukta moja. Kigoma iko kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea eneo la Ziwa Tanganyika. Kiungo cha namna hii hakifai kuachwa kwa kubahatisha.

Matokeo yakitoka, yapime kwa mkono kabla ya kuyaamini: kwa nusu duara, momenti ya mwisho ni mzigo kwa mita mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Hapa ni 1 × 2 × 2. Programu ikikuambia 2, kuna kitu kimeachiwa.

Kwenye ramani ya fundi, usipeleke vipande vya kompyuta. Mpe nusu kipenyo na mahali pa kitovu, afunge uzi, achore duara kwenye mbao za fomu mwenyewe. Fundi nondo naye aone wazi kwamba ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo ndefu, ni za kufunga kabisa, ncha zimekunjwa kuingia ndani ya zege, na kwamba nondo ndefu zinapita pande zote nne za bimu, hata ubavuni.