Kuanguka Shimoni Kwenye Minecraft: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila anayejenga kambi ya chini ya ardhi kwenye Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa vipande vya mchemraba viitwavyo bloku, huanza na shimo, na ushauri mwingi unaotolewa kuhusu shimo hilo si sahihi. Tuanze na hesabu ya gemu yenyewe. Bloku 3 za kwanza hazikuumizi. Kila bloku inayozidi hapo inakula pointi 1 ya afya, yaani nusu moyo, na afya kamili ni pointi 20. Kwa hiyo kuanguka bloku 23 kunatosha kukuua. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 ardhi inashuka hadi kimo cha -64, na almasi huongezeka kadiri unavyokaribia chini. Ukitoka usawa wa bahari kwenda kuchimba kwenye -59, umeshuka zaidi ya bloku 120.

"Nina deraya ya almasi, siogopi." Hii ndiyo dhana inayoua watu wengi wenye vifaa vizuri. Deraya tupu, iwe ya chuma au ya almasi, haipunguzi hata pointi moja ya madhara ya kuanguka. Kinachopunguza ni uchawi uliowekwa juu yake: Protection, na zaidi Feather Falling kwenye viatu. Feather Falling ya daraja la IV hupunguza asilimia 48. Ni msaada mkubwa, lakini peke yake inakuvusha bloku 40 hivi tu, si 120.

"Maji lazima yawe na kina." Hapana. Bloku moja ya maji hufuta madhara yote, hata ukitokea juu kabisa ya dunia. Wanaochimba bwawa refu chini ya shimo wanajichosha bure. Muhimu ni maji yafunike sakafu yote ya shimo, maana ukitua pembeni kwenye jiwe hayakusaidii. Yazamishe bloku moja chini ya sakafu ya kambi ili yasisambae hadi kwenye makasha yako.

"Robota la nyasi kavu ni sawa na maji." Si sawa, na tofauti yake inaonekana kwenye mashimo marefu. Robota hupunguza asilimia 80 ya madhara. Kwa bloku 60 utabaki hai ukiwa na afya kamili. Kwa bloku 120, asilimia 20 inayobaki ni zaidi ya pointi 20, na hapo umekufa. Bloku ya slaimu ndiyo inayofuta yote na kukurusha juu, ila usitue huku umechuchumaa: ukichuchumaa haikukingi.

Kuchuchumaa kwenyewe kunaeleweka vibaya. Kunakuzuia usidondoke ukingoni, jambo la thamani sana unapojenga kandokando ya shimo, lakini kwenye sakafu ya kawaida hakupunguzi maumivu ya kutua. Kuruka sekunde ya mwisho nako hakufanyi kitu, kwa sababu hewani huna pa kurukia.

Wengine huamini kuchimba moja kwa moja chini ya miguu ni salama mradi uende polepole. Kasi yako haibadilishi kilichopo chini: bloku inayofuata inaweza kuwa dari ya pango refu au ziwa la lava. Chimba ngazi za kushuka bloku moja moja, au shimo la bloku mbili ukisimama kwenye moja huku ukichimba nyingine.

Kwa kambi ya kudumu napendelea mashimo mawili: la kushukia lenye maji chini, na la kupandia lililojaa maji ya chanzo (yale ya bloku nzima, si yanayotiririka) kuanzia chini hadi juu, na mchanga wa roho (soul sand) sakafuni. Mapovu yake hukusukuma juu bila wewe kubonyeza kitufe. Ukihamia Nether, ile dunia ya moto na lava ndani ya gemu, mpango huo haufanyi kazi, kwani maji ya ndoo hukauka papo hapo. Huko tumia slaimu au ngazi za ukutani.