Je, wajua kwa nini TV na deki zetu ziliandikwa PAL?

Aliyewahi kuwa na TV ya chogo au deki ya video anazikumbuka herufi hizo tatu. Kanda iliyoletwa kutoka Marekani, ya mfumo wa NTSC, mara nyingi ilionekana bila rangi kwenye TV iliyoweza kusoma PAL tu.

PAL ni mfumo wa kurusha na kupokea televisheni ya rangi, kazi ya mhandisi Mjerumani Walter Bruch. Huyu aliikuta televisheni ikiwa changa: katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, alikuwa nyuma ya kamera ya kampuni ya Telefunken yenye urefu wa zaidi ya mita mbili.

Wamarekani walianza na rangi mwaka 1953. Kwenye mfumo wao, NTSC, aina ya rangi hutegemea wimbi limefika kwa wakati gani hasa. Likichelewa kidogo tu, labda baada ya kugonga jengo au mlima, TV husoma rangi nyingine, na uso wa mtangazaji hugeuka kijani au zambarau. Ndiyo maana TV za huko zilikuwa na kitufe cha kurekebisha rangi.

Bruch aliliacha kosa litokee, ila akalipanga lijifute lenyewe. Picha huchorwa mstari kwa mstari. Kila baada ya mstari mmoja, mtambo wa kurushia hugeuza sehemu ya taarifa za rangi juu chini, na TV huirudisha ilivyokuwa. Hivyo, kosa likivuta mstari wa kwanza kuelekea kijani, wa pili huvutwa kuelekea zambarau kwa kiasi kilekile. TV huichelewesha rangi ya mstari mmoja kwa kuipitisha kama mtetemo ndani ya kipande cha kioo, kisha huichanganya na ya mstari unaofuata. Makosa hufutana. Hubaki rangi iliyopauka kidogo mno, na jicho halijali. Mbinu ya kuchelewesha mstari ilikwishatumiwa na Mfaransa Henri de France katika SECAM, mfumo wa rangi wa Ufaransa. Kuiunganisha na ule mgeuzo ndiko kulikoipa PAL nguvu, na kwangu huo ni uhandisi wa hali ya juu.

Bruch aliwaonyesha wataalamu wa Ulaya PAL mjini Hannover Januari 1963. BBC2 ya Uingereza ilianza kuitumia Julai 1967, na Ujerumani Magharibi tarehe 25 Agosti, makamu wa kansela Willy Brandt alipobonyeza kitufe chekundu ambacho hakikuunganishwa na chochote. Fundi aliwahi kidogo, rangi ikatokea kabla kidole hakijafika.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi kwa PAL, ilhali Tanzania Bara ilisubiri televisheni yoyote hadi miaka ya 1990.