Na zilizo njiani zihesabiwe: mkono wa roboti na stoo ya dawa

Kwenye meza ya karakana yetu hapa Mtwara kuna mkono mdogo wa roboti wenye viungo vitatu. Kila kiungo kina mota, na nyuma ya mota kuna enkoda, kifaa kinachosoma pembe. Kompyuta inalinganisha pembe iliyopo na inayotakiwa, inaiamuru mota ipunguze tofauti, halafu inasoma tena, mara mia kadhaa kwa sekunde. Upande wa pili wa kazi yangu ni takwimu za zahanati: vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), ripoti za mwezi, leja za dawa. Watu huona ni fani mbili zisizojuana. Kwangu zinaumwa ugonjwa mmoja, nao ni taarifa kuchelewa.

Tuanze na mkono. Chukua kiungo kimoja: tofauti ikiwa kubwa kinakwenda mbio, ikipungua kinapunguza mwendo, ikiisha kinasimama. Namba unayozidishia ile tofauti ili upate mwendo ndiyo ninayoiita ukali wa kidhibiti. Shida huanza pale kamera, waya au programu inapochelewesha kipimo. Kuna kanuni fupi ya kukisia kitakachotokea: zidisha ukali kwa sekunde za ucheleweshaji. Jibu likiwa chini ya 0.37 hivi, mkono unafika mahali pake bila kupitiliza. Kati ya hapo na 1.57 unapitiliza, unarudi, unayumba, mwishowe unatulia. Ukivuka 1.57 kuyumba kunazidi kukua mpaka kitu kivunjike au mtu achomoe umeme. Kwa ucheleweshaji wa sekunde 0.2, ukali wa 5 unatulia baada ya kuyumbayumba. Ukali wa 8 hautulii.

Mota haina ubovu, na kila hesabu ya tofauti ni sahihi. Kinachoharibu ni kwamba mkono unasahihisha kosa ambalo amri zilizotangulia zimekwisha kulisahihisha, ila habari hazijafika. Mpishi anayeongeza chumvi kabla ile ya kwanza haijayeyuka anaharibu mchuzi kwa njia hiyohiyo.

Sasa twende stoo ya zahanati. Mfano huu ni wa kubuni, namba nimezifanya nyepesi. Tuseme zahanati inatumia dozi 100 za mseto, dawa ya malaria, kwa mwezi, na inataka stoo iwe na 300 kila tarehe 1. Oda inayotoka tarehe 1 Januari inafika tarehe 1 Machi. Mtunza stoo anaoda matumizi ya mwezi, yaani 100, na kuongeza chochote kilichopungua kwenye 300. Hakuna atakayemlaumu kwa hilo.

Januari mvua zimekolea, wagonjwa wanaongezeka, zinatumika dozi 160. Februari hali inarudi kawaida, na haibadiliki tena mwaka mzima. Tarehe 1 Februari, oda ya Desemba ya 100 ikiwa imeingia, stoo ina 240, kwa hiyo anaoda 160. Tarehe 1 Machi bado ni 240, maana oda ya Februari haijafika. Anaoda 160 tena. Hapo ndipo pa kupatazama. Upungufu ni mmoja, wa dozi 60, lakini umeagizwa mara mbili. Aprili stoo inarudi 300. Mei inapanda hadi 360, Juni 360, naye anapunguza oda hadi 40. Julai ni 300. Agosti, katikati ya kiangazi, stoo imeshuka tena hadi 240 wakati hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezeka. Kisha mzunguko unaanza upya. Kwa namba hizi hautulii kamwe: kila baada ya miezi sita wimbi linarudi, na chanzo chake ni mwezi mmoja wa mvua.

Mchambuzi akiletewa safu ya oda peke yake ataona 160, 160, 100, 40, 40, 100, kisha 160 tena, na ataandika kwamba malaria katika eneo hilo ina misimu miwili kwa mwaka. Atachora grafu nzuri kabisa. Lakini wimbi lile limezaliwa stoo, halimo miilini mwa watu. Ndiyo maana nikiletewa takwimu za dawa zitumike badala ya takwimu za wagonjwa huwa mgumu kidogo. Naomba kwanza daftari la wagonjwa wa nje na majibu ya vipimo, hata kama mwandiko unahitaji subira. Jay Forrester wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alikwisha kuonyesha mawimbi ya aina hii kwenye viwanda na maghala mwaka 1961, kwa hiyo si jambo geni.

Dawa yake nayo inajulikana pande zote mbili. Mwaka 1957 mhandisi Otto Smith alipendekeza kidhibiti kinachobeba ndani yake mfano wa mtambo: kinakumbuka amri kilizokwisha kutoa ambazo matokeo yake hayajaonekana, na kinazihesabu kana kwamba zimefika. Kwenye stoo hesabu hiyo haihitaji hata kompyuta. Jumlisha kilichopo na kilicho njiani, oda kinachopungua kufika 500, yaani 300 za stoo na oda za miezi miwili ya safari. Rudia mfano wetu: Februari anaoda 160, Machi anaona 240 stooni na 160 njiani, anaoda 100 tu. Aprili stoo ni 300, na inabaki 300. Watunza stoo wazoefu hufanya hivi bila kumsikia Smith. Ninachowaomba ni kukiandika kile kilicho njiani, kwa sababu mwenye kukikumbuka akihamishwa, kumbukumbu inahama naye.

Tahadhari kwa wanaopenda grafu laini. Wastani wa miezi mitatu unakuletea habari za mwezi mmoja nyuma. Wa miezi mitano, miwili nyuma. Kulainisha kelele za vipimo ni kuongeza ucheleweshaji kwa hiari yako. Chikungunya ilitambuliwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza hapahapa kwetu, uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Mlipuko unaweza kupanda na kushuka ndani ya wiki chache, na ukiupitisha kwenye wastani wa miezi mitano utabaki kilima kidogo ambacho hakimshtui mtu.

Halafu kuna sifuri. Waya wa enkoda ukichomoka na programu ikasoma sifuri, mkono unasukuma kwa nguvu zote kuelekea mahali pasipo. Zahanati ambayo haijaleta ripoti, ikiandikwa sifuri badala ya kuachwa wazi, inafanya wilaya ionekane imepona.

Njia ya Smith ina udhaifu wake: inataka ujue ucheleweshaji ni wa muda gani. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na kwa siku hizo hesabu yoyote ya lini mzigo utafika ilikuwa ya kubahatisha. Hali ikiwa hivyo, kwenye mkono wa roboti ninapunguza ukali. Kwenye stoo maana yake ni kuongeza nusu tu ya pengo juu ya matumizi ya kila mwezi; katika mfano wetu, hata usipohesabu yaliyo njiani, upungufu wa 60 unageuka ziada ya 15, kisha unafifia. Gharama yake ni kwamba pengo linazibika polepole, kwa hiyo akiba lazima iwe kubwa zaidi, na akiba kubwa huweza kuisha muda wake ikiwa rafuni. Kiasi gani kiharibike ili kiasi gani kisikosekane, hapo mfamasia wa wilaya ndiye mwenye neno, si mimi.