Dhana potofu kuhusu mtafiti wa kinga na makrofaji zake

"Mtafiti wa kinga ni daktari." Wengi hawajasomea udaktari. Hapa Kenya njia ya kawaida ni shahada ya sayansi miaka 4, uzamili miaka 2, kisha uzamivu miaka 3 au zaidi. Na kijana wa Mombasa hana haja ya kupanda ndege ili aanze: Kilifi pale kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kilichoanza 1989.

"Makrofaji kazi yake kula vijidudu, basi." Makrofaji ni seli za kinga zinazomeza vitu, na mwanasayansi Metchnikoff alianzia hapo kweli, Messina, Italia, 1882. Lakini kwenye bandama na ini seli hizi humeza chembe nyekundu zilizochakaa, zenye umri wa siku 120 hivi, na kurudisha chuma chake kitumike tena. Tena mdudu wa TB akimezwa huzuia kifuko alimo kisiungane na kile chenye vimeng'enya, akaishi humo humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

"Kinga ikiongezwa ndiyo afya." Ukipita soko la Marikiti utauziwa habasoda kwa maneno hayo. Makrofaji zikichochewa mno humwaga TNF, protini inayoleta uvimbe, na TNF ikizidi hula viungo, kama kwenye baridi yabisi. Dawa za kuizuia zipo, ila mgonjwa hupimwa TB kwanza: TNF hiyo hiyo ndiyo inayowafungia wadudu waliolala mapafuni.

"Mashine ndiyo inayofanya kazi." Hapa ndipo wanafunzi wengi huumbuka. Ili kupata seli za kukuza makrofaji, damu hutandazwa taratibu juu ya Ficoll, kimiminika cha kutenganishia seli chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, ikazungushwa kwenye mashine kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30, breki ya mashine ikiwa imezimwa. Breki ikiachwa, tabaka jeupe la katikati, lenye seli unazozitaka, huvurugika. Kipimo hicho cha uzito ni cha nyuzi 20. Kiyoyozi kikizima mwezi wa Februari, kimiminika huwa chepesi na seli unazozitaka huzama na kupotea. Damu iliyotoka kwenye barafu nayo huleta kinyume chake, chembe nyekundu na granulosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe) hubaki juu zikachafua tabaka. Monosaiti zilizopatikana, yaani chembe nyeupe zinazogeuka makrofaji, hulishwa M-CSF, protini ya kuzikuza, siku 6 au 7, nyuzi 37, ndipo ziwe makrofaji. Wakati huo zimeng'ang'ania sahani. Usizikwangue kwa pupa, nyingi zitakufa. EDTA baridi, kemikali ya kuzilegeza, na dakika 10 hadi 20 za subira hufaa zaidi kuliko kimeng'enya cha tripsini.

"Kilichochemshwa ni salama." Otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121 huua bakteria, lakini endotoksini yao, sumu ya ganda lao, hubaki, na makrofaji huihisi hata ikiwa kidogo sana. Vyombo vya kioo vinataka joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Dalili ya kosa hili ni moja: kisima (kishimo cha sahani) ambacho hakikutiwa kichocheo chochote kinatoa TNF. Ukiona hivyo, sahani yote itupwe.